Picha ya 5 mbele, maneno ya picha ya 4 nyuma: kisa cha masanduku 250 ya picha huko Goma

Kabla ya kuanza

Kisa hiki kilitokea Goma kati ya mwaka 2022 na 2024. Nilikiingia kikiwa kimeshaharibika: studio ya usanifu, shirika la afya na imprimeri, yaani nyumba ya kuchapa, walikuwa wameacha kupokeana simu, nami nikaombwa nikae nao kwa sababu nimewahi kufanya kazi pande zote mbili, ya kubuni na ya kuchapa. Wote watatu wameniruhusu kukisimulia. Majina nimeyaondoa, pamoja na kila kinachoweza kumwonyesha mtu kidole.

Mandharinyuma

Studio ilikuwa ya watu watatu katika chumba kimoja: mkuu wake, aliyetafuta wateja na kushika hesabu, mchoraji, na kijana wa kupanga kurasa. Kama studio nyingi za mji huu, waliishi kwa kazi za mashirika. Fulana, banderole, ripoti, vibao vya mradi. Wafanyabiashara wa Birere, mtaa wa biashara wa mjini, hulipa papo hapo lakini hulipa kidogo. Mashirika hulipa vizuri, ila hulipa yanapotaka.

Wakati huo watu waliokimbia vita kutoka Rutshuru na Masisi walikuwa wamejaa kandokando ya mji, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, na kolera ilikuwa inazunguka kambini. Shirika moja la afya liliagiza masanduku ya picha 250 kwa ajili ya mareko, wale wahudumu wa afya wa jamii wanaopita hema kwa hema. Mama reko huketi mbele ya kundi la watu, wengi wao hawasomi, akawaonyesha picha na kueleza: namna ya kunawa mikono, namna ya kutia klorini katika bidoni ya lita 20, namna ya kumpa mgonjwa maji ya chumvi na sukari.

Kifaa chenyewe nikieleze vizuri, maana ajali yote imejificha ndani yake. Sanduku la picha ni kama kalenda kubwa ya mezani. Karatasi za A3 zimefungwa kwa spirali juu, zimesimama mfano wa hema. Hadhira inaona picha, anayefundisha anaona maandishi upande wake. Ukigeuza karatasi ya 3 ije upande wako, kinachokutazama ni mgongo wa karatasi ya 3, huku hadhira ikitazama uso wa karatasi ya 4. Kwa hiyo maneno ya picha ya 4 lazima yachapwe mgongoni mwa picha ya 3, na maneno ya picha ya 1 mgongoni mwa jalada. Ukiangalia karatasi moja moja, kila ukurasa unaonekana umekosewa. Kikishafungwa na kusimama mezani, kila kitu kiko mahali pake.

Proforma, na mstari uliofutwa

Ombi lilifika Alhamisi na proforma, yaani karatasi ya makadirio ya bei, ilitakiwa Jumatatu. Mkuu wa studio aliandika dola 1,800 za kubuni na kuchora picha 15, dola 22 kwa kila sanduku la kuchapa (jumla 5,500), kisha mstari wa tatu: dola 300 na siku nne za kupima michoro kwa watu wa kambini kabla ya kuchapa. Mstari huo alijifunza kuuandika kutoka kwa mwalimu wake, naye aliuamini.

Mtu wa manunuzi alimpigia simu. Bei ilikuwa juu kidogo kuliko ya mshindani, na fedha za mradi zilipaswa kutumika kabla ya mwisho wa mwezi. Je, hicho kipimo hakiwezi kutoka? "Michoro tutaiangalia sisi wenyewe, tuna wataalamu wa afya." Mkuu wa studio alikubali. Aliniambia wazi kwamba aliogopa kupoteza soko. Kodi ya chumba ilikuwa na deni la miezi miwili. Namwelewa. Mtu mwenye deni la kodi hasikii "hapana" ikitoka mdomoni mwake kwa urahisi.

Jumla ikabaki dola 7,300. Mkataba ulisema avansi ya asilimia 40, yaani 2,920, na salio la 4,380 baada ya masanduku kupokelewa. Imprimeri ilitaka 4,750 kwa kazi nzima, dola 19 kwa kila sanduku, na asilimia 70 kabla ya kuwasha mashine: 3,325. Hesabu hiyo peke yake inaonyesha shimo. Avansi yote haikutosha hata kuanzisha uchapaji, na hapo mchoraji hajalipwa. Mkuu wa studio alijazia kwa zamu yake ya likelemba, ule mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, fedha alizokuwa ameziwekea karo ya watoto.

Jinsi michoro ilivyopitishwa

Mchoraji alifanya picha 15 kwa siku tisa. Ni kijana mwenye mkono mzuri sana. Nyuso zake zina uhai. Lakini hakutoka chumbani. Alichora choo, bomba na uwanja kwa kuangalia picha za intaneti, nyingi zikiwa za nchi nyingine.

Idhini ilifanyika katika kundi la WhatsApp lenye watu saba. Daktari wa mradi, mtu wa mawasiliano, mtu wa manunuzi, mratibu, wengine wawili ambao studio haikuwahi kuwajua kazi yao, na mkuu wa studio. Maoni yalikuja kwa sauti, saa zote. Mmoja aliomba mama avae kikwembe cha buluu, mwingine akasema hapana, nembo ya shirika ni ya kijani. Faili lilifika toleo la 11. Siku ya mwisho mratibu aliandika "Sawa, endeleeni", na mkuu wa studio akahesabu neno hilo kuwa BAT, ile "bon à tirer" yaani ruhusa ya kuchapa, ambayo kwa desturi mteja huitia saini juu ya karatasi iliyochapwa.

Watu saba walikuwa wamepitisha PDF kwenye simu, ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna aliyekuwa amekamata kitu mkononi.

Usiku wa imprimeri

Kijana wa kupanga kurasa alipanga vizuri kabisa: maneno ya picha ya 4 mgongoni mwa picha ya 3, na kuendelea. Akapeleka faili kwa flashi, akaliacha mezani na kurudi nyumbani.

Fundi wa zamu aliwasha mashine usiku, umeme uliporudi. Akafungua faili, akaona picha ya mkono unaotia klorini, na nyuma yake maneno ya kumnywesha mgonjwa. Akajisemea vijana wamekosea. Alijaribu kupiga simu, simu ilikuwa imezimwa. Kwa wema wake wote akakaa zaidi ya saa moja kusogeza kurasa, ili kila picha ibebe maneno yake mgongoni. Kisha akachapa karatasi 4,000, ambazo baadaye zilifunikwa kwa plastiki na kufungwa. Asubuhi alikuwa na furaha ya mtu aliyewaokoa wenzake. Sikuwahi kumwona mtu aliyeumia kama yeye alipoelezwa alichofanya.

Siku ya mafunzo

Masanduku yalipelekwa moja kwa moja kutoka imprimeri hadi bohari ya shirika, na kutoka bohari hadi ukumbi ambapo mareko 40 walikuwa wamekusanyika. Mama mmoja, mtu mzima, aliombwa kuonyesha wenzake. Akageuza jalada. Picha ya 1 ikatokea mbele ya watu. Upande wake palikuwa peupe.

"Huku kwangu hakuna maandiko," akasema.

Mkufunzi akamwambia aendelee tu, labda mwanzo ndivyo ulivyo. Akaendelea, akisoma polepole. Alipofika picha ya choo, yaani ya 5, akasoma kwa sauti yaliyokuwa mbele ya macho yake: "Mpe mgonjwa anywe hii kila mara anapohara." Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka. Alifunga sanduku, akalilaza juu ya meza, akasema: "Papa, hii siwezi kupeleka kwa watu."

Alasiri hiyohiyo, wakiwa bado wanashangaa, mkufunzi alianza kuwauliza mareko picha zinasema nini bila maneno. Hapo tatizo la pili likajitokeza, zito kuliko la kwanza. Picha ya 7 ilionyesha mikono miwili tu chini ya bomba, imekatika kwenye kiwiko kama inavyopendeza katika usanifu wa kisasa. Mmoja akauliza, "Huyu walimukata mikono?" Kwa watu waliotoka mahali walikotoka, swali hilo halikuwa mzaha. Picha ya 9 ilikuwa na mtu anajisaidia kandoni mwa ziwa, juu yake alama nyekundu ya kukataza, mistari miwili iliyopishana. Wakaisoma kuwa Msalaba Mwekundu umefika kumsaidia mgonjwa. Katika picha ya 12 mishale mitatu ilitoka kwa nzi kwenda chakulani na kwa mtoto. Wakasema mishale inaonyesha watu wakimbilie wapi.

Na choo cha picha ya 5 kilichimbwa katika udongo mwekundu, laini. "Choo hiki kiko kwetu Masisi," akasema mama mmoja. Mji huu umekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Lava ya 2002 iko ndani ya mitaa yetu, ya 2021 iko mlangoni. Huku huchimbi shimo refu kwa jembe. Choo cha kambini kiliinuliwa juu ya ardhi, ulikipanda kwa ngazi, na ardhi yote chini yake ilikuwa nyeusi. Picha ile iliwakumbusha nyumbani. Choo kilichokuwa hatua hamsini kutoka hemani mwao haikuwaonyesha.

Hata maneno yalikuwa na shida. Aliyetafsiri kutoka Kifaransa alitumia Kiswahili cha mabango ya Dar es Salaam, "maji tiririka", na mareko wakauliza hayo ni maji ya wapi.

Kikao, na uamuzi uliotoka kwa asiyetarajiwa

Shirika lilizuia salio lote. Studio ikasema, mlipitisha. Imprimeri ikasema, nilirekebisha kosa lenu. Wiki mbili zikapita hivyo.

Tulikutana katika imprimeri, kati ya mashine. Nilidai mambo mawili tu: masanduku kumi yawe mezani, na yule mama reko awepo. Mratibu alisita kuhusu la pili, halafu akamleta.

Tulianza na njia tatu. Kuchapa upya yote: dola 4,750 ambazo hakuna aliyekuwa nazo. Kubandika vibandiko vya maandishi mgongoni: vibandiko 3,750, na nani atavibandika. Kuchapa kijitabu kidogo cha maneno na kumwambia reko asisome mgongo: hakika wangesoma mgongo. Tulibishana karibu saa nzima. Mama reko alikuwa kimya, anageuza sanduku mikononi mwake. Kisha akasema:

"Kama maneno iko nyuma ya picha yake, basi mutoe hii spirali. Nitashika moja moja."

Alikuwa sahihi kabisa. Kosa la fundi liligeuza kazi kuwa kadi bila yeye kujua: ukishika karatasi moja mbele ya kifua chako, hadhira inaona picha na wewe unasoma maneno yake nyuma. Katika spirali tu ndipo mpangilio ule unaharibika. Sisi watatu wenye taaluma tulikuwa tumekitazama kitu kilekile kwa saa nzima.

Kadi zina faida nyingine ambayo wataalamu wa usafi wanaijua tangu miaka ya 1990, katika mbinu ya PHAST iliyoenezwa na Shirika la Afya Duniani na wenzake: unawapa watu picha wazipange wenyewe katika mafungu matatu, tabia nzuri, mbaya, na ya katikati, na mabishano yao ndiyo somo. Sanduku la spirali haliruhusu hilo. Daktari wa mradi alipoliona hilo, uso wake ulibadilika kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Tukaamua: spirali zikatwe, matundu yapitishwe kamba iliyolegea ili upepo wa kambini usitawanye kadi, namba kubwa iandikwe pembeni. Picha nne, ya 5, 7, 9 na 12, zichorwe upya, zipimwe, ndipo zichapwe: karatasi 1,000. Maneno "maji tiririka" yalikuwa mgongoni mwa picha ya 7, hivyo yakaondoka nayo.

Kupima, kwa siku mbili

Mchoraji alikwenda mwenyewe Bulengo na karatasi zilizochapwa kwa mashine ya kawaida. Hakuuliza "Mnaelewa?", kwa sababu mtu mwenye adabu atajibu ndiyo. Aliuliza, "Mama, unaona nini hapa?" kisha akanyamaza na kuandika. Alizungumza na watu 24, wengi wakiwa kwenye foleni ya maji, mmoja mmoja, ili jibu la wa kwanza lisimpe wa pili maneno.

Mikono ikapata mwili: mama mzima, mtoto mgongoni, ndoo yenye bomba juu ya kigoda. Ardhi ikawa nyeusi na choo kikapata ngazi. Alama ya kukataza iliondoka. Badala yake wakawepo watu wawili, mmoja anaelekea ziwani na jirani anamwonyesha choo kwa mkono. Mishale ikavunjwa kuwa picha tatu ndogo zenye fremu. Jaribio la kwanza la fremu lilishindwa pia, watu walidhani ni watoto watatu tofauti, mpaka mtoto alipovalishwa shati lilelile la njano katika fremu zote.

Matokeo

Kadi zilirudi kambini wiki tano baada ya siku ya mafunzo. Shirika lililipa dola 300 za kupima, zilezile lilizozifuta, na salio lote, ingawa salio lilichukua wiki nyingine sita. Imprimeri ilichapa karatasi 1,000 kwa bei ya karatasi na plastiki tu, dola 500, bila kudai ujira. Studio ililipa 500 hizo kutoka faida yake ya uchapaji, iliyokuwa 750. Kijana wa kupanga kurasa aliacha kazi. Hakuwa na kosa katika faili lake, lakini lawama za wiki mbili zilimchosha.

Ninavyokiona kisa hiki

Wengi walioniuliza walitaka jina la mkosaji mmoja, na fundi wa usiku ndiye rahisi kutajwa. Sikubaliani. Fundi alifanya ambacho ningetamani kila fundi afanye: alisoma alichokuwa anachapa. Kilichokosekana ni karatasi moja juu ya flashi yenye maneno "Mpangilio huu ni wa makusudi, usibadilishe", na pembeni yake makete, mfano wa sanduku uliotengenezwa kwa mkono. Makete ya sanduku hili inahitaji karatasi nyeupe 16, kalamu, na dakika ishirini. Unaandika "picha 4" mbele, "maneno 5" nyuma, unaifunga kwa uzi, unaisimamisha. Fundi angeielewa kwa sekunde. Mratibu pia.

WhatsApp nayo haina kosa la kuwa WhatsApp. Kundi lile lilisaidia kurekebisha maneno mengi ya kitabibu. Lakini simu inaonyesha ukurasa, na studio ilikuwa inauza kitu chenye mbele na nyuma. Simu huficha hata rangi: nyuso za mchoraji ziling'aa kwenye skrini, na kwenye karatasi zikatoka nzito, karibu kufifia ndani ya kivuli, kwa sababu faili lilibaki katika rangi za mwanga, zile za skrini, na mashine ikajigeuzia yenyewe kwenda siani, majenta, njano na nyeusi. Ngozi nyeusi ndiyo inayoteseka kwanza hapo, maana wino wa rangi zote nne unarundikana mahali pamoja. Karatasi moja ya majaribio ingeonyesha.

Kuhusu idhini, watu saba wakisema wote, ni kama hakuna aliyesema. Mkataba ulipaswa kutaja mtu mmoja wa kutia saini na marekebisho mangapi yamo ndani ya bei. Studio ilifanya matoleo 11 kwa bei ya moja, na uchovu wa matoleo hayo ndio uliomfanya mkuu alipokee "Sawa, endeleeni" kama zawadi.

Lakini kosa ninalolirudia zaidi ni ule mstari wa dola 300. Ulipowekwa peke yake chini ya proforma ulionekana kama mkia wa kukatwa. Mkuu wa studio sasa hauandiki peke yake: kipimo kimo ndani ya bei ya kuchora, na anayetaka kukiondoa anatakiwa kuandika kwa mkono wake kwamba shirika limechagua kuchapa bila kupima. Tangu aanze hivyo amepoteza kazi mbili. Anasema anaweza kuishi bila hizo. Pia haingii tena kati ya mteja na imprimeri kwa fedha zake: mteja hulipa mashine moja kwa moja, studio inadai ada ya kusimamia, na likelemba imerudi kuwa ya karo.

Kilichofaa kipo pia. Mchoraji alihifadhi kila picha kwa tabaka tofauti, mtu, vyombo, ardhi, hivyo kubadili udongo mwekundu kuwa lava nyeusi kulichukua nusu saa. Mkufunzi alikuwa na busara ya kusimamisha mafunzo na kuuliza maswali.

Jambo moja halikukaa sawa. Shirika lilitaka faili za asili ili litengeneze toleo jingine baadaye. Sheria ya haki za watunzi ya Kongo, Ordonnance-loi n° 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inalinda michoro kama kazi ya mtunzi, na mkataba haukuwa na neno hata moja juu ya kuhamisha haki hizo. Studio ilizitoa bure ili kutuliza hasira. Michoro ile mipya minne nayo mchoraji aliifanya bila malipo, pamoja na siku mbili za Bulengo. Katika chumba kile yeye ndiye aliyekuwa na kosa dogo kuliko wote, akatoa kazi kubwa kuliko wote, na hata mimi, msuluhishi, nilimaliza kikao bila kutaja jina lake. Nilirudi kwa mkuu wa studio mwezi uliofuata, kisha tena. Alimlipa dola 120, kwa mafungu mawili.